Nyayo za upinde katika Charcot-Marie-Tooth: tuanze na kano, na mfupa, ao na ateli?

Kine wa Katindo (Goma)

Jambo kwa wote. Mimi ni kine, mtu wa mazoezi ya viungo. Ninaomba mawazo ya watu wa mifupa, wa usingizi wa upasuaji na wa ateli (kifaa kinachovaliwa kushikilia mguu) kuhusu msichana wa miaka 14 anayefuatwa kwenye mazoezi hapa Goma.

Nyayo zote mbili zina upinde mkubwa, visigino vimelalia ndani, vidole vimejikunja. Anakanyagia ukingo wa nje, na sugu imekuwa nene sehemu mbili: chini ya kichwa cha metatarsali ya kwanza na chini ya ile ya tano (metatarsali ni mifupa mirefu ya unyayo inayobeba vidole). Miundi imekonda, na akitembea anapandisha goti juu sana ili vidole visikwaruze chini. Kifundo cha kulia kinateguka mara kwa mara. Mnajua njia zetu za mawe ya volkano, hata mwenye miguu mizima anapepesuka. Baba na shangazi yake wana nyayo za aina hiyo hiyo. Kipimo cha umeme wa neva kilifanyika Kigali: kasi kwenye neva za mkono ni mita 22 kwa sekunde, na jibu limeandikwa Charcot-Marie-Tooth aina ya 1, ugonjwa wa ukoo unaodhoofisha neva za miguu na mikono.

Nguvu ya misuli kwa alama za 0 hadi 5, pande zote mbili karibu sawa: tibialisi ya mbele (inainua mguu) 3, peroneo fupi (inageuza mguu nje) 2, peroneo ndefu (inashusha metatarsali ya kwanza) 4, tibialisi ya nyuma (inavuta mguu ndani) 5, msuli mrefu unaoinua kidole gumba 4, ndama (misuli ya nyuma ya muundi) 4. Goti likiwa limenyooka, mguu unafika nyuzi 90 tu, haupandi zaidi. Chini ya unyayo hasikii vizuri uzi wa gramu 10 wa kupima hisia.

Wazazi wameambiwa kwamba atarefushwa kano ya kisigino, kisha aunganishwe viungo vitatu vya nyuma ya mguu, yaishe. Mimi nina wasiwasi kwa umri huu. Je, huo ndio mpango? Na kama sio huo, ni nini kinapaswa kupasuliwa, kwa utaratibu gani, na sisi wa mazoezi tujitayarishe vipi?

Docta Kamalondo (Lubumbashi)

Mwenzangu, umeeleza vizuri na ukoo unasema wazi. Hata hivyo, kwa faida ya wanaosoma: kwetu Kongo kabla ya kuandika jina hili lazima uondoe mengine yanayofanana.

Mguu mmoja tu ulioanguka baada ya homa na sindano ya kinini takoni: hiyo ni neva ya siatiki iliyochomwa, siyo ukoo. Mguu mmoja uliokonda tangu utotoni, na hisia za ngozi zimebaki nzima: fikiria polio. Mabaka ya ngozi yasiyosikia: fikiria ukoma, na usidanganywe na neva zilizonenepa, kwa sababu hata Charcot-Marie-Tooth aina ya 1 inaweza kunenepesha neva hadi uzishike kwa kidole. Miguu iliyokakamaa ghafla, kwa siku moja ao mbili, kwa mtu anayekula mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha: hiyo ni konzo, na goti ukiligonga litaruka sana. Katika Charcot-Marie-Tooth goti na kifundo ukivigonga, kwa kawaida havirudishi jibu. Na upinde wa mguu mmoja peke yake, unaoongezeka, unadai kuangalia uti wa mgongo kabla ya kitu kingine chochote.

Kasi ya chini ya mita 38 kwa sekunde kwenye mkono ndiyo mpaka unaotumiwa kusema ni ganda la neva lililoharibika, yaani aina ya 1. Mita 22 iko ndani kabisa. Umbo linaloonekana zaidi ni 1A, linalotokana na jeni ya PMP22 iliyojirudia pamoja na kipande cha kromosomu ya 17, kurudiwa kulikojulikana mwaka 1991. Linapita kwa baba ao mama, na kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Kwa hiyo wadogo zake waangaliwe nyayo sasa, wakiwa bado laini. Huyu mwenyewe muangalie pia mgongo kama umepinda, na umpige radio (picha ya mifupa) ya nyonga, maana viungo hivyo viwili husahaulika.

Mifupa Kadutu (Bukavu)

Wasiwasi wako una haki, ndugu kine. Mpango ule una makosa mawili, na nitaanza na la kano ya kisigino kwa sababu ndilo linalofanyika haraka na halirudishwi.

Mguu wa upinde unaonekana kama umeinama kwa kisigino, kumbe mara nyingi kinachoinama ni sehemu ya mbele. Ukiushika kwenye vidole na kuusukuma juu, utadhani kano ni fupi. Shika mfupa wa kisigino wenyewe, ondoa hesabu ya sehemu ya mbele, kisha pima goti likiwa limenyooka na tena likiwa limekunjwa. Halafu piga radio ya pembeni akiwa amesimama, siyo amelala. Kama mstari wa chini ya kisigino unapanda zaidi ya nyuzi 30 kutoka sakafuni, kisigino tayari kimeinuka mbele, na kurefusha kano kutaongeza ugonjwa: mtoto atabaki na ndama isiyosukuma, anatembea akizama. Ndama yake ina 4. Huyo hana akiba ya kupoteza.

Kosa la pili ni kuunganisha viungo vitatu. Kwa ugonjwa huu matokeo yake yameangaliwa kwa miaka mingi: Wetmore na Drennan mwaka 1989 waliandika juu ya nyayo 30 zilizofuatwa kwa wastani wa miaka 21, na 14 kati yake zilikuwa mbaya. Sababu inaeleweka. Viungo vikishafungwa, misuli isiyo sawa inaendelea kuvuta, na mzigo unahamia kwenye kifundo cha juu, ambacho kinalika. Upasuaji huo ni wa mguu mgumu kabisa wa mtu mzima, ambao hauna njia nyingine. Makubaliano ya madaktari wa nyayo yaliyochapishwa mwaka 2020 yanasema jambo lile lile: sawazisha misuli, nyoosha mifupa, okoa viungo.

Sasa, kwa nini mguu unapinda? Tazama alama zako mwenyewe. Tibialisi ya mbele imechoka, peroneo ndefu bado ina nguvu: basi metatarsali ya kwanza inasukumwa chini. Peroneo fupi imebaki na 2, tibialisi ya nyuma iko 5: basi mguu mzima unavutwa ndani. Misuli midogo ya unyayo imeisha, na ile mirefu inayoinua vidole inajaribu kuinua mguu badala ya tibialisi ya mbele: basi vidole vinajikunja. Utando mgumu wa chini ya unyayo unafupika na kukaza upinde. Wagonjwa wanafika kwetu wakilalamikia kisigino, lakini kwa wengi mwanzo ni metatarsali ya kwanza.

Fikiria kigoda cha miguu mitatu: kisigino, kichwa cha metatarsali ya kwanza, kichwa cha ya tano. Mguu mmoja wa kigoda ukirefuka, kigoda kinalala upande. Hapo ndipo kipimo cha Coleman kinaingia. Tafuta ubao wa unene wa sentimita 2.5. Mtoto asimame, kisigino na ukingo wa nje wa mguu viwe juu ya ubao, metatarsali ya kwanza hadi ya tatu zining'inie nje ya ubao kwa ndani. Uzito wote uwe kwenye mguu huo. Wewe kaa nyuma, uchore mstari katikati ya ndama na mwingine katikati ya kisigino, na upime. Kama kisigino kinanyooka ao kinageuka kidogo nje, kinafuata sehemu ya mbele na bado ni laini. Kama kinabaki ndani, kina ugumu wake chenyewe na mfupa wa kisigino utahitaji kukatwa.

Wanaokosea kipimo hiki wanamwacha mtoto aegemee ukuta ao aweke uzito kwenye mguu wa pili. Mara nyingine ubao ni mwembamba na metatarsali ya kwanza inagusa chini kabla kisigino hakijapata nafasi ya kugeuka. Kipime, urudi utuambie.

Kine wa Katindo (Goma)

Aksanti sana Docta. Nimepima kwa ubao wa sentimita 2.5. Kulia: bila ubao kisigino kiko ndani nyuzi 10, juu ya ubao kinageuka nje nyuzi 3. Kushoto: bila ubao ndani nyuzi 14, juu ya ubao kinabaki ndani nyuzi 6. Nikishika kisigino chenyewe, goti limenyooka, kinapanda nyuzi 5 juu ya 90. Goti likikunjwa, nyuzi 12. Radio akiwa amesimama: kisigino nyuzi 34 kulia, 36 kushoto. Mstari wa talusi (mfupa wa kifundo ulio juu ya kisigino) na metatarsali ya kwanza umevunjika nyuzi 18 na 22. Vidole vinanyooka vyote kwa mkono isipokuwa kidole gumba cha kushoto, kiungo chake cha mbele kimekaza.

Mifupa Kadutu (Bukavu)

Vipimo vizuri. Kano ya kisigino isiguswe kwa sasa. Mguu wa kulia na wa kushoto ni wa ugonjwa mmoja lakini si upasuaji mmoja: kulia mfupa wa kisigino unaachwa, kushoto unakatwa. Mengine yanalingana. Nitaeleza kwa utaratibu wa mezani, maana utaratibu ukigeuzwa, mvuto wa kano unakosewa.

Kwanza ni utando wa unyayo, ukatwe karibu na kisigino kwa upande wa ndani. Kata utando peke yake. Neva ya unyayo inapita jirani. Ukiruka hatua hii, metatarsali itagoma kuinuka hata ukiondoa kabari kubwa.

Kisha, kwa kushoto tu, kisigino. Njia ni ya upande wa nje, mkato wa mshazari chini na nyuma ya kano za peroneo, neva ya surali (ya hisia za ukingo wa nje wa mguu) ilindwe. Dwyer alieleza mwaka 1959 kuondoa kabari yenye upana upande wa nje. Kwa mtoto huyu milimita 6 hadi 8 kwa kuanzia, kisha kipande cha nyuma kisogezwe nje milimita chache, na kukazwa kwa skrubu moja ao mbili kutoka nyuma. Usitafute kusogeza sana. Kipande kikienda nje mno, handaki la neva ya tibia upande wa ndani linabanwa, na neva hii tayari ni mgonjwa. Akiamka na ganzi mpya ya unyayo ao maumivu ya moto, handaki lifunguliwe mapema, lisisubiriwe.

Baada ya hapo metatarsali ya kwanza. Tazama radio kwanza: tofauti na metatarsali nyingine, sahani ya ukuaji ya hii ya kwanza iko nyuma, kwenye shina lake. Kwa msichana wa miaka 14 inaweza kuwa imefunga ao inakaribia. Kama iko wazi, pita mbele yake kwa nafasi salama. Kama imefunga, kata sentimita 1 mbele ya kiungo. Kabari inatoka juu, upana milimita 3 hadi 5, ganda la chini libaki zima kama bawaba. Funga, kaza kwa skrubu ya milimita 3.5 ao waya mbili. Kisha shika mguu ukiwa nyuzi 90 na upapase vichwa vyote vitano kwa kiganja: viwe usawa mmoja. Ukiinua wa kwanza kupita kiasi, mzigo unaangukia wa pili, na kwa unyayo usiosikia hiyo ni njia ya kidonda. Mara chache ya pili pia inahitaji kukatwa.

Sasa kano. Peroneo ndefu ikatwe karibu na kuboidi (mfupa wa upande wa nje wa mguu) na kufumwa ndani ya peroneo fupi. Kwa tendo moja umeondoa mkono unaoishusha metatarsali ya kwanza na umeongeza mkono unaogeuza mguu nje. Kidole gumba: operesheni ya Jones, yaani kano ndefu inayokiinua ihamishiwe kwenye shingo ya metatarsali ya kwanza, na kiungo cha mbele cha kidole kiunganishwe, la sivyo kidole kitaning'inia chini. Vidole vingine kwa kuwa ni laini, mara nyingi vinatulia mguu ukishanyooka, visikimbiliwe.

Mwisho tibialisi ya nyuma. Hii ndiyo inayoamua kama ulemavu utarudi. Ing'olewe kwenye navikula (mfupa wa upande wa ndani wa mguu) pamoja na kipande cha periosti (ngozi ya mfupa) ili ipate urefu, itolewe juu kwenye ndama upande wa ndani, ipitishwe katikati ya mifupa miwili kwenye utando wa kati, na ifikie juu ya mguu kwenye kuneiforme ya nje (mfupa mdogo wa katikati ya mguu). Dirisha la utando liwe pana, sentimita 4 ao 5. Dirisha dogo linainyonga kano, inashikana na kovu, na baadaye tunalaumu mazoezi wakati kosa lilifanyika mezani. Ikazwe mguu ukiwa umepanda nyuzi 5 hadi 10 na kugeuka nje kidogo. Msuli uliohamishwa hupoteza alama moja: 5 itakuwa 4, inatosha kuinua mguu. Ungekuwa 3 nisingeugusa. Wenye skrubu ya kufungia kano ndani ya mfupa waitumie. Wanaofunga kwa kifungo chini ya unyayo, mtoto huyu hasikii: wekeni sponji nene chini ya kifungo na msikaze uzi hadi ngozi ipauke.

Mkishamaliza, pimeni tena kupanda kwa kifundo mtoto akiwa bado amelala. Kama goti limenyooka hakipandi kabisa na goti likikunjwa kinapanda, ni ndama ya juu tu: fungueni utando wake katikati ya ndama, siyo kano chini.

Usingizi Lushi (Lubumbashi)

Mambo machache ya upande wetu. Suksinilkolini, dawa ya kulegeza misuli, iachwe: msuli uliopoteza neva unaweza kumwaga potasiamu kwa wingi. Wapo waliopewa bila tatizo, lakini hakuna sababu ya kucheza na moyo wa mtoto kama rokuronio, mlegezaji mwingine wa misuli, ipo, kwa kipimo cha tahadhari, mkisubiri nguvu irudi kabisa kabla ya kutoa mpira wa pumzi. Sindano ya mgongo inawezekana. Kinachotakiwa ni kuandika kwenye faili, kabla ya kuingia, alama za nguvu na mahali anaposikia na asiposikia, ili ganzi ya zamani isije ikahesabiwa kuwa ya sindano.

Garo ya paja (mkanda wa kuzuia damu) iwe na pamba nene, na muda usizidi saa 2. Upasuaji wa hatua zote hizi unaweza kupita hapo, basi mpangeni mapema lini garo itashushwa. Kichwa cha fibula (mfupa mwembamba wa nje wa muundi, chini ya goti) na viwiko viwekewe mito. Neva zake zinaumia kwa mgandamizo ambao mtu mwingine hatausikia.

Na dawa: wazazi wapewe karatasi. Vinkristini, dawa ya saratani, ni hatari ya wazi kwa wagonjwa hawa, inaweza kuwapooza. Akipata kifua kikuu, isoniazidi isitolewe bila vitamini B6. Metronidazoli kwa majuma mengi na nitrofurantoini pia zinaumiza neva, na metronidazoli kwetu inanunuliwa sokoni kama peremende za tumbo.

Ateli Ndosho (Goma)

Nimesubiri watu wa kisu wamalize. Plasta ndiyo inayoharibu kazi nzuri kwa ugonjwa huu. Mtoto asiyesikia halalamiki. Plasta inakula ngozi ya kisigino kwa ukimya na mnakuja kuona juma la sita.

Wekeni pamba ya kutosha juu ya kisigino, vifundo na kichwa cha fibula. Mkono unaoshika mguu plasta ikikauka uwe kiganja wazi. Vidole vinaacha mashimo ndani. Ipasuliwe kwa urefu, pamba pia, siku hiyo hiyo ya upasuaji, maana uvimbe utakuja. Mguu juu kuliko moyo kwa siku 3 za mwanzo. Asipandishwe boti ya kurudi Goma kutoka Bukavu siku ya tatu mguu ukining'inia. Angalau ngozi ionwe kwanza. Kwa kuwa maumivu si alama ya kutegemea, familia itazame vitu hivi asubuhi na jioni: rangi na joto la vidole, harufu, doa linalopanua, homa. Doa ao harufu peke yake inatosha kufungua plasta.

Plasta ya kwanza itoke juma la 2 ao la 3 ili kutoa nyuzi za mshono na kuangalia ngozi, hasa ya upande wa ndani wa mguu, inayovutika upinde ukishushwa. Ya pili ikae hadi juma la 6, bila kukanyaga. Radio ikionyesha mfupa umeanza kushika, waya zitoke, plasta ya kutembelea, inayovuliwa wakati wa mazoezi, hadi juma la 10 ao 12.

Ateli ipimwe siku plasta inatoka, siyo mwezi baadaye. Kwa uzito wake polipropilini (plastiki ngumu) ya milimita 4 inatosha, nyuma ya vifundo ikatwe ili kifundo kicheze kidogo na ndama ifanye kazi. Soli ya ndani iwe na shimo la kupokea kichwa cha metatarsali ya kwanza na kabari ya milimita 3 hadi 5 chini ya ukingo wa nje. Mafundi wengi wanaongeza tegemeo la juu chini ya upinde kwa sababu wanaona nafasi tupu pale. Hilo linausukuma mguu nje zaidi juu ya ukingo wake! Kama mnampeleka Shirika la Umoja hapa Goma ao Heri Kwetu kule Bukavu, andikeni hayo kwenye karatasi ya rufaa, pamoja na matokeo ya ubao, na siyo neno "ateli" peke yake.

Ateli ivaliwe hadi miezi 6 baada ya upasuaji. Kiatu: cha kufungwa kamba, kisigino kipana, kirefu cha kutosha vidole visiguse. Kandambili juu ya lava hapana. Akivaa ateli mpya, dakika 30, avue, ngozi itazamwe; wekundu ambao haujaondoka baada ya dakika 20 unamaanisha arudi kwangu, siyo azoee.

Kine wa Katindo (Goma)

Nimeelewa, aksanti kwa wote. Mawili yamebaki. Je, miguu yote miwili kwa mara moja ili familia isilipe safari mbili? Na tibialisi ya nyuma ikishahamishwa, tunaifundishaje?

Mifupa Kadutu (Bukavu)

Mguu mmoja mmoja. Ninajua uzito wa nauli, lakini majuma 6 bila kukanyaga miguu yote ni kitandani ao kitini, na kwenye milima ya Bukavu kiti cha magurudumu hakiendi popote. Kuna jambo lingine: pima mikono yake kabla. Ugonjwa huu unakula misuli midogo ya kiganja, na wengine hawawezi kubana magongo ya kawaida. Kama mshiko ni dhaifu, tengenezeni magongo yenye mahali pa kulaza mkono wa mbele, na afundishwe kupanda ngazi nayo juma 2 ao 3 kabla ya upasuaji, siyo baada yake. Anza na mguu wa kulia: ndio unaoteguka, na una kazi fupi zaidi. Wa kushoto ufuate baada ya miezi 4 hadi 6, wa kulia ukiwa unabeba uzito ndani ya ateli. Wakati huo wote kushoto kusikae bure, kuvaliwe soli ya fundi Ndosho.

Mafunzo ya kano: ubongo bado unaijua kama msuli wa kugeuza mguu ndani. Kuanzia juma la 6, alale ubavu ili uzito wa mguu usimpinge, mwambie ageuze mguu ndani, na wewe uuelekeze juu. Weka kidole chako juu ya kano aisikie ikisimama. Kama hasikii vizuri, atazame kwa macho. Marudio 10, pumziko, mara 4 ao 5 kwa siku, ukiacha kabla haijachoka, kwa sababu msuli wenye neva mgonjwa ukichoshwa unarudi nyuma. Juma la 8 ao 9 akae, miguu ining'inie. Kusimama na kuinua vidole ndani ya plasta ya kutembelea ni mazoezi tayari. Usiuvute mguu kwenda chini kwa nguvu kabla ya miezi 3, hata kama kifundo kimekaza. Kano iliyoshonwa inalegea na hairudi.

Waambie wazazi bila kuficha kwamba neva haziponi kwa kisu na hadi sasa hakuna dawa inayozirudisha. Mguu utavimba jioni kwa miezi 6 na zaidi. Ulemavu unaweza kurudi kwa kiasi, na kazi ndogo ya pili ikahitajika ukubwani. Nimtazame kila miezi 6 hadi akomae, kisha kila mwaka, na ulete ule ubao.

Ukishapata tarehe, niandikie nguvu ya mshiko wa mikono na radio ya nyonga kabla hamjapanda boti.